Kitufe cha Moyo Kiko Jichoni

Jumatatu, 4 Machi
Mtihani wa mdomo ni Ijumaa. Mada: jicho na mishipa yake ya fahamu. Darasa zima la wauguzi tunaosomea kutia wagonjwa ganzi na usingizi liliguna. Mimi nilitabasamu. Mtu aliyeuguza wodi ya wanaume miaka tisa atashindwaje na kitu cha ukubwa wa limau?

Mwalimu (miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani, subira, hata moja) ametangaza kuwa atakayeanguka haingii chumba cha upasuaji mpaka arudie. Hilo halinipi homa. Ila kuna jambo dogo. Jumanne ya wiki ijayo mama mkwe anatolewa mtoto wa jicho katika hospitali yetu hii hii, nami nimemwambia ganzi yake nitamtia mimi. Naye ameutangazia mtaa mzima. Fundi cherehani wa jirani ameshaanza kuniita daktari. Sikumkatalia. Kumkatalia mtu mzima ni utovu wa adabu.

Tochi alinikaribisha tusome pamoja. Huyu ni mwanafunzi mwenzangu, zamani mkunga, humulika mboni za watu hata kwenye foleni ya chai. Nilimwambia nina mbinu zangu. Akasema haya, akanimulika.

Jumanne, 5 Machi
Mbinu ya kwanza: vitendo! Nimenunua jicho la ng'ombe kwa muuza nyama. Alidhani nataka kuroga. Nikamwonyesha kitambulisho cha chuo, akapandisha bei. Nikalificha kwenye friji, ndani ya kopo la siagi, nikaenda kuoga ili nilichambue kwa akili safi.

Sikufika mbali. Mama mkwe yuko kwetu akisubiri siku yake, na anachokiona ni ukungu tu. Aliingia jikoni kusaidia, akapapasa kopo, akakuta kitu cha mviringo. Akauliza ni nani anayehifadhi yai la kuchemsha kwenye siagi. Akaanza kulimenya.

Yowe la mke wangu lilinikuta nina sabuni usoni. Nilipofika, paka alikuwa anatorokea dirishani, mshipa wa kuonea ukimning'inia mdomoni. Huo ni mshipa wa pili kati ya kumi na miwili ya ubongo. Sitausahau maishani, kwa hiyo si hasara tupu. Mke wangu aliuliza kama nimewahi kujaribu kitabu. Mama mkwe akanitetea: mtaalamu ana njia zake. Nyumba hii ina mtu mmoja tu anayenielewa.

Jumatano, 6 Machi
Chumba cha upasuaji, kwa mazoezi. Mgonjwa ni mtoto mwenye makengeza. Jicho lina misuli sita ya kulizungusha, na daktari alikuwa anarekebisha mmoja. Mwalimu aliniweka mbele ya mashine ya mapigo. Kazi yangu: kuitazama. Basi!

Niliitazama vya kutosha. Kisha nikamtazama Tochi, maana alikuwa anaandika, na mimi sipendi mtu aandike nisichokijua. Wakati huohuo daktari akauvuta msuli. Mashine iliyokuwa inalia haraka haraka ikaanza kusitasita. Mapigo yameshuka nusu! Nikakimbilia dawa. Nikafungua droo. Glavu. Nyuma yangu nikamsikia Tochi akimwomba daktari, kwa adabu zote, auachie msuli. Akauachia. Mapigo yakarudi kama maji ya bomba baada ya mgao. Na mimi nimeshika glavu.

Mwalimu akaeleza: jicho likivutwa au likibonyezwa, mshipa wa tano hupeleka habari kwenye ubongo, nao ubongo hujibu kwa mshipa wa kumi, ule mrefu unaoshuka hadi moyoni na kuupunguza kasi. Ni hatari, akasema. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nimeshapata wazo.

Jicho ni breki! Na shida yangu kwenye mitihani haijawahi kuwa akili. Ni moyo. Unakwenda mbio, ulimi unakauka. Nikiingia kwa Mwalimu nimetulia, nani ataniweza?

Alhamisi, 7 Machi
Majaribio, kwenye kioo cha choo cha chuo. Kipimo cha mapigo kidoleni: tisini na sita. Nikabonyeza jicho la kulia, kidogo tu. Themanini na nne! Niliona nyota, lakini nyota za utulivu.

Tochi alinikuta mlangoni, akauliza kama nimelia. Nikasema vumbi. Akasema nafasi yangu bado ipo mezani kwao, wamefika kwenye mshipa wa nne, ule ambao ganzi inaweza kuukosa kwa sababu unapita nje ya koni ya misuli iliyo nyuma ya jicho. Nikamwambia asiyejua njia ndiye huandamana na msafara.

Nyumbani mama mkwe alinishika mkono. Alisema kusema kweli anaogopa. Anaogopa sindano karibu na jicho, anaogopa kuamka gizani moja kwa moja. Ila kwa kuwa nitakuwepo, ametulia. Nilishika kitabu nikasoma kurasa mbili. Mbili nzima! Kisha chakula kikawa tayari.

Ijumaa, 8 Machi
Nje ya chumba cha mtihani. Tochi yuko ndani, anatiririka. Moyo wangu unapiga ngoma za harusi. Nikapiga hesabu: jicho moja limepunguza kidogo, mawili yatamaliza kazi. Nikabonyeza yote, kwa viganja, kwa imani.

Ninachokumbuka baada ya hapo ni dari. Miguu yangu ilikuwa juu ya benchi, Tochi ameishikilia. Mwalimu hakuuliza kama nimeumia. Aliuliza ni njia gani iliyoniangusha. Nami, chali, nikajibu bila kukwama: wa tano unapanda, wa kumi unashuka. Tochi akanifinya mguu kwa furaha. Mwalimu akauliza tiba ya kwanza. Nikataja dawa, na kipimo chake, kwa sauti ya bingwa.

Mwalimu akasema tiba ya kwanza ni kuacha kubonyeza. Akaongeza kuwa nilipozimia mikono yangu ilianguka yenyewe, kwa hiyo nimejitibu vizuri zaidi nikiwa sina fahamu.

Nimepata nusu. Nusu si kuanguka! Lakini nitarudia. Ganzi ya mama mkwe atatia Tochi, Mwalimu akisimamia. Nyumbani nimesema mambo yamekwenda vizuri.

Jumanne, 12 Machi
Nilimwangukia Mwalimu. Amekubali niingie kwa sharti moja: nimshike mgonjwa mkono, na vidole vyangu visiguse jicho la mtu yeyote, likiwemo langu.

Mama mkwe aliuliza chini ya shuka kama nipo. Nikasema nipo, mama. Tochi alimweleza kila hatua kwa sauti ya chini kabla ya kumgusa. Mkono ulikuwa unatetemeka. Mama akaufinya, ukatulia. Nilitazama mashine muda wote: sabini na mbili, sabini na mbili. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani wowote. Sikupanga hila hata moja.

Jumatano, 13 Machi
Bandeji imetolewa wodini, mimi na Tochi tukiwepo. Mama alinitazama kwa muda mrefu, akasema kumbe nimezeeka hivi. Kisha akamshika Tochi mikono yote miwili. Alisema sauti ile ya jana ameitambua, na ganzi ilikuwa yake. Kuhusu mimi, alikuwa na mashaka tangu siku ya yai. Mkono uliotetemeka ulikuwa wangu, akasema, ikabidi yeye mgonjwa aufinye ndipo utulie. Lakini bila mkono ule asingeingia mle ndani.

Nilitoka nje kidogo. Vumbi tena.

Tochi alinifuata, akasema kiti changu mezani kwao bado kipo. Nimemwambia nitafikiria. Sina haja sana, maana jana niliposhika kitabu nilifika ukurasa wa tatu, na kumbe shingoni nako kuna mahali ambapo ukipabonyeza moyo hupungua kasi! Jicho ndilo lililoniponza, si wazo. Na sasa nina uzoefu: safari hii nitabonyeza nikiwa nimekaa.