Mabomba Yote Mazima

Jumanne, 3 Juni
Msimamizi wetu wa ukaguzi anastaafu. Nafasi ni yangu. Kila mwenye macho analiona hilo, isipokuwa Mhandisi Mkuu. Leo mama huyu kamsifu mkaguzi mwenzangu, tunayemwita Miwani, mbele ya watu. Eti ana utulivu. Hata jiwe lina utulivu!

Kazi: mitungi miwili ya chuma, ndani yake mabomba yamebanana kama njiti kwenye kiberiti. Yanapasha maji ya kiwanda kwa mvuke. Tunapitisha kipimo ndani ya kila bomba, umeme unazunguka kwenye ukuta wake. Penye ufa, kompyuta inachora kilima. Mtungi mmoja wa Miwani, mmoja wangu. Tutaona.

Jumatano, 4 Juni
Kompyuta hufundishwa kwanza kwa bomba la mfano, lenye matundu yaliyotobolewa makusudi. Miwani alipoenda kunywa chai, nikahamisha lebo za bomba lake. Tundu kubwa sasa linaitwa dogo. Karudi, kaifundisha kompyuta yake hivyo hivyo. Itaona balaa, itasema mkwaruzo. Nikasikiliza dhamiri yangu. Kimya. Nzuri sana.

Alhamisi, 5 Juni
Kompyuta yangu imegoma kuwaka. Mhandisi Mkuu kaamua tubadilishane: Miwani ana subira, abaki na mbovu, mimi nichukue yake, imeshafundishwa. Nikashukuru. Ningefanyaje? Kudai ifundishwe upya ni kujichongea.

Vilima vyote vidogo, kama vichuguu vya sisimizi. Nikaandika: mabomba yote mazima. Nimemaliza wa kwanza! Nimepewa mkono.

Jioni shemeji, kaka wa mke wangu, kapita nyumbani. Ni fundi wa boila, mtambo wa mvuke wa kiwanda. Kesho ndiye atakayefungulia mvuke, akiwa amesimama chini ya mtungi wangu. Kasema hana wasiwasi, maana mkaguzi ni ndugu yake. Mke wangu akatabasamu. Nikasukuma sahani pembeni.

Ijumaa, 6 Juni
Nilidamka kwenda kukiri. Njiani nikapata njia bora. Nikamshauri Mhandisi Mkuu tujaze mtungi wangu maji baridi kwanza, kwa heshima tu ya kazi. Akasema hakujua kuwa mimi ni mwangalifu. Hata mimi sikujua.

Maji yakajazwa mtungini, nje ya mabomba, yakapenya kwenye nyufa. Mabomba yakayatema! Meneja, aliyekuja na suti mpya kushuhudia, akaloa hadi soksi. Shemeji akanigeukia. “Shemeji,” akaniambia, “huo ungekuwa mvuke, dada yangu angenizika.” Nikamwambia tumshukuru Mungu. Nilimaanisha.

Mhandisi Mkuu akaomba bomba la mfano. Akazisoma lebo. Akauliza ni la nani. Nilikuwa natafuta maneno ya kumtupia Miwani, akaniwahi! Akasema ni lake, alipaswa kuhakiki lebo kabla ya kufundisha kompyuta, na lawama zote ni zake. Nikampigapiga bega, nikampa pole.

Mhandisi Mkuu akasema mtu anayebeba kosa lake hadharani ndiye anayefaa kusimamia wenzake. Miwani kapewa nafasi. Papo hapo! Meneja bado anachuruzika.

Jumamosi, 7 Juni
Sikulala, lakini nimeelewa. Mke wangu kaniuliza nimeelewa nini. Nikamwambia: ukweli unalipa.

Jumatatu nitakiri kosa mbele ya Mhandisi Mkuu. Si la lebo, hilo litanifukuzisha kazi. Nataka kosa la wastani, lenye heshima, la kuliza watu kidogo.

Nimepekua maisha yangu yote, silioni. Itabidi niingie kiwandani kesho nikalitende.