Mbuzi Wamekula Mtihani Wangu

Wenzangu, leo sina pa kuuweka uso. Nawaandikia nyinyi watatu barua moja, msomeane, maana sina nguvu ya kuihadithia aibu hii mara tatu.

Mnajua nasomea uchoraji wa mabango. (Baba anauita "kupaka rangi".) Mtihani wa mwisho wa muhula ulikuwa huu: chora bango la afya, libandike mtaani kwenu mahali watu wanapopita, likae siku tatu, kisha Mwalimu Odhiambo aje alitazame na kutoa alama papo hapo. Nikianguka, Baba ameshasema, chuo basi. Nakwenda kujifunza kupiga taipu.

Nilichora mama mwenye gauni jekundu akinawa mikono bombani, na chini yake kwa herufi kubwa: NAWA KABLA YA KULA. Wiki mbili nzima, jamani! Ijumaa nikalibandika kwenye ukuta wa bomba letu hapa Bahati, ambapo kina mama wote huteka maji. Gundi nilipika mwenyewe, uji mzito wa unga wa ngano. Nikautia chumvi nyingi usichache. (Nilijiona fundi kweli kweli.)

Leo Jumatatu asubuhi nimepita, bango lipo, linang'aa. Nikarudi nyumbani kupiga pasi sketi. Saa nne nikampokea mwalimu barabarani, nikamwongoza huku nikimweleza jinsi gauni lile jekundu linavyovuta macho ya mpita njia. Tukakata kona.

Ukuta mtupu. Imebaki pembe moja na herufi mbili. Chini yake mbuzi watatu wa jirani yetu, Mzee Kariuki, wanalamba ukuta kwa raha zao, na mmoja bado anatafuna kipande chekundu.

"Kazi yako iko wapi?" mwalimu akauliza.

Nikamwonyesha mbuzi.

Mwalimu Odhiambo si mtu wa mzaha. Tangu muhula uanze sijawahi kuyaona meno yake. Akafungua daftari, akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniua, kwamba hawezi kuupa ukuta alama. Machozi yakaanza kunilenga. Mzee Kariuki naye akaja mbio, anafukuza mbuzi, ananiomba msamaha, anaeleza kwamba wanyama hawa wakishaonja chumvi hawana tena adabu. (Asante, Mzee. Sasa mwalimu anajua na habari za chumvi.)

Hapo ndipo Mama Zuhura, anayetuuzia mahamri, alipotua ndoo yake.

"Mwalimu, kazi ilikuwepo. Siku tatu tumeitazama hapa hapa."

"Ilisema nini?"

Foleni nzima ikajibu kwa pamoja. Mmoja akataja gauni jekundu, mwingine sabuni ya bluu. Mama Njoroge, ambaye hajui kusoma, akasema yeye aliangalia tu picha akaelewa, na tangu Jumamosi hakuna mtoto wake anayegusa sahani kabla ya kunawa. Mwalimu akaanza kuandika. Ningewakumbatia wote, pamoja na ndoo zao.

Lakini Mama Zuhura hakujua pa kukomea.

"Tena tuliipenda sana, mwalimu. Ila yule mama alikuwa na mikono yote miwili ya kushoto."

Kalamu ikasimama. Mwalimu akauliza kama wana hakika. Basi kina mama wakainua mikono yao hewani kumwonyesha kidole gumba kilikuwa upande gani. Nami nikautazama mkono wangu wa kushoto, nikaelewa yote. Wakati wa kuchora, wa kulia ulikuwa umeshika penseli! Nilichora ule uliokuwa hauna kazi. Mara mbili.

Nikauliza mbona hakuna aliyeniambia.

"Sisi tulidhani ndio vile munafundishwa huko chuo," akasema Mama Njoroge.

"Tulikuwa tukibishana tu," akaongeza Mama Zuhura, "huyu akishanawa, atakula kwa upi?"

Mwalimu Odhiambo alicheka mpaka akashika ukuta. (Meno anayo, yote.) Alipopata pumzi akasema amekagua mabango mengi mjini ambayo bado yako ukutani na hakuna anayekumbuka hata rangi yake. Hili limeliwa, na mtaa mzima unalo kichwani. Nimepita. Ila kabla ya Ijumaa nimpelekee mikono hamsini ya kulia, iliyochorwa vizuri, na wa kushoto usionekane hata mmoja.

Nikalia mbele za watu, safari hii kwa shukrani. Wale kina mama wangeweza kuteka maji yao na kwenda zao. Badala yake walisimama wakanitetea, na kosa langu walikuwa wameliona tangu siku ya kwanza, wakaninyamazia kwa heshima. Sijui nitawalipa nini. Hata Baba, nilipomweleza, hakutaja taipu.

Kesho asubuhi kina mama watakaa kwa zamu pale bombani niwachore mikono. Na nyinyi mnaocheka huko, najua mnacheka, njooni na mikono yenu ya kulia. Bado nahitaji kama arobaini.