Uso Wangu Sokoni

Jumatatu, 6 Machi 2006
Maajabu! Bwana Harilal, mwenye studio yetu ya picha hapa Kariakoo, ametuonyesha tovuti inayouza picha. Unaipandisha picha mara moja, wanainunua watu mia, kila mmoja anaitumia apendavyo, nawe umelala zako Magomeni! Aliyebuni jambo hili namvulia kofia. Bwana Harilal amesema kati yangu na Hajira, mpiga picha mwenzangu, yule ambaye picha yake itakubaliwa kwanza ndiye atakuwa mkuu wa studio. Nimemhurumia Hajira. Anapiga watu picha hata hawajajiandaa!

Jumanne, 7 Machi
Tovuti inataka picha za wafanyabiashara. Kariakoo hii nitawakosa? Nimekusanya sita, nikawavika makoti na tai za studio. Nikawapanga mbele ya pazia letu lililochorwa maporomoko ya maji na ndege ya abiria. Mabega juu, mikono mapajani, marufuku kucheka. Josepha, muuza vitenge, akatabasamu. Nikamkemea kwamba hapa si harusini. Picha safi kabisa! Jioni nimezipandisha zote. Ukuu huo, naunusa.

Alhamisi, 9 Machi
Zimekataliwa! Zote! Eti watu wangu wanaonekana kama wanasubiri hukumu. Tena wakauliza kwa nini ndege inaingia kwenye maporomoko. Washamba! Nikakaa nje juu ya ndoo, tai shingoni, mikono kichwani. Hajira akanipiga picha, akaniomba ruhusa aitume. Nikamwambia ruksa. Nilikuwa na mambo makubwa ya kuwaza.

Jumatano, 15 Machi
Ya Hajira imepita. Imeshanunuliwa! Mkuu ni yeye. Nimeumia, sifichi. Lakini picha ni nzuri mno. Jua la Msimbazi limenikaa usoni vizuri, hata ndoo inapendeza. Yule dada ana jicho! Nimempa mkono wa hongera, nikaenda kufuta vumbi kwenye makoti.

Jumatatu, 20 Machi
Hajira ameniita kwenye kompyuta. Niko kwenye tangazo la dawa ya kichwa! Niko kwenye makala ya watu waliofilisika! Niko hata kwenye ushauri kwa walioachwa na wake zao, nami sijaoa! Hajira akaanza kuniomba radhi. Radhi ya nini? Dunia nzima inanitazama!

Sasa nimelijua kosa langu. Wale sita hawakuwa na sura. Kesho najipiga picha mwenyewe. Koti nimeshalipiga pasi. Mabega juu, mikono mapajani, marufuku kucheka. Na mchoraji wa pazia nimemwambia aongeze ndege ya pili.