Malalamiko Kuhusu Figo Zilizojengwa Bila Kibali

Jikke Damstra,
Njia ya Mfereji 14, Zandermeer.
Jumanne, 9 Machi.

Kwa Mkuu wa Idara ya Vibali vya Ujenzi,
Halmashauri ya Zandermeer.

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kahawa yako bado ya moto. Mimi ni Jikke, mke wa Wobbe, yule wa banda la baiskeli. Utamkumbuka, maana faili lake lilikaa mezani kwako wiki kumi na moja. Mlidai ramani, mkadai sahihi za majirani, mkamtuma mkaguzi wenu, Bwana Rienks, na futi yake apime upande wa kaskazini, kisha upande wa kaskazini tena. Hatukunung'unika. Utaratibu ni utaratibu.

Ndiyo maana naandika kwa uchungu. Nina mimba ya wiki kumi na tisa, na humu ndani yangu kuna ujenzi mkubwa kuliko banda lolote, nao unaendelea bila karatasi hata moja.

Mimi si msomi. Nafanya kazi kwenye chumba cha kuoteshea mayungiyungi. Tunakata gamba la kitunguu cha ua vipande vidogo kama ukucha, tunaviweka kwenye chupa zenye ute wa sukari, na baada ya wiki kadhaa kipande kinatoa kitunguu kipya, chenye mizizi na majani yake. Msimamizi wetu alitufafanulia vizuri: seli za aina moja zikishikana zinakuwa tishu, na tishu za aina mbalimbali zikishirikiana zinakuwa ogani, liwe jani au tumbo. Nikaelewa. Lakini kila chupa ya yungiyungi ina lebo, tarehe na sahihi yangu. Isiyo na lebo inatupwa. Sasa lebo ya mwanangu iko wapi?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hakuna ramani. Kazi ilianza na seli moja, ndogo kuliko nukta ya sentensi hii. Ikagawanyika zikawa mbili, nne, nane, zote zimefanana kama mayai ya trei moja. Mara hizi zikawa misuli, hizi ngozi, hizi mishipa ya fahamu. Nani alizigawia kazi? Mimi sikuulizwa, na nyumba ni yangu. Isitoshe, kwenye banda la Wobbe tofali lilikuwa tofali na fundi alikuwa fundi. Humu tofali lenyewe ndilo fundi, na ukigeuka kidogo limeshajigawa mafundi wawili.

2. Moyo uliwashwa kabla ya kukamilika. Ulianza kudunda ukiwa bomba tu, hauna hata chumba kimoja. Wobbe alipotaka kuwasha taa kabla ya paa kuezekwa, Bwana Rienks alimwandikia onyo.

3. Figo. Hapa naomba ukae vizuri kwenye kiti. Kitabu alichonipa mkunga kinasema figo hujengwa mara tatu. Jozi ya kwanza ikabomolewa. Ya pili nayo ikabomolewa. Ya tatu ndiyo iliyobaki, nayo ilijengwa chini nyongani halafu ikahamishiwa juu! Wobbe mlimkatalia kusogeza banda sentimita arobaini.

Mimi nilikuwa nimeshazisherehekea zote. Kila jozi niliiandika kwenye kalenda ya siku za kuzaliwa za ukoo, ile inayotundikwa chooni kama kila nyumba ya hapa, na kazini nikagawa ile mikate mikavu ya kumkaribisha mtoto, yenye siagi na punje tamu za anisi, za waridi na za buluu, kwa kuwa sikujua figo ni za jinsia gani. Jumamosi mama mkwe akatoka chooni kalenda mkononi. "Jikke, huyu Figo ni nani? Mbona kazaliwa mara tatu? Ni wa ukoo wenu?" Nikamweleza. "Mwanangu," akasema, "ile mikate tunakula mtoto akishatoka mzima. Ukimzaa kiungo kimojakimoja, anisi ya nchi hii itaisha!" Akacheka mpaka ikabidi arudi chooni.

4. Wanafanya kazi Jumapili. Hapa Zandermeer siku hiyo hata soksi haianikwi. Wao Jumapili ya wiki ya kumi walikuwa wanachonga masikio, na mimi nimekaa kanisani nao, safu ya pili, mbele ya mchungaji.

5. Vifo kazini. Mkono ulianza kama kasia. Ili vidole viachane, seli zilizokuwa katikati zilikufa, zote. Hakuna taarifa wala maziko. Nilitaka kuandika kadi ya msiba yenye ukingo mweusi, Wobbe akaniuliza, "Utamtumia nani, mke wangu? Kidole gumba?" Hata hivyo nimeinunua.

6. Mwaka jana kazi kama hii ilisimama wiki ya tisa. Hakuna aliyenitaarifu. Nilipitisha siku sita nikiimba jikoni, kumbe mafundi wameshaondoka. Alhamisi hii naenda kupigwa ile picha ya tumbo ya wiki ya ishirini, wahesabu kila kitu kama kipo na kama kipo mahali pake. Sijalala vizuri tangu Ijumaa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, ujenzi usimamishwe mara moja mpaka nionyeshwe ramani. Pili, Bwana Rienks aje kesho na futi yake, ahesabu vyumba vinne vya moyo, figo mbili (si sita), vidole vyote, kisha atie muhuri kwamba viko sawa. Najua jengo lisilo na kibali ama huhalalishwa ama hubomolewa. Nakuomba sana, chagua la kwanza. Sahihi za majirani nimeambatanisha. Hakuna mwenye pingamizi.

Wasalimie wote ofisini, na yule dada wa dirisha la tatu mwenye kikohozi, na Bwana Rienks, na futi.

Wako mwenye kusubiri ukaguzi,
Jikke Damstra

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha nikahisi kitu chini ya kitovu, kama samaki anageuka. Nikaweka bahasha chini. Kikaja tena, kwa nguvu, palepale. Nimemwita Wobbe aje ashuhudie lakini amekwama bandani. Lile banda lina mihuri yenu mitano, na mlango wake unagonga bomba la mvua, haufunguki. Huyu hana muhuri hata mmoja, na ameshapiga hodi mara mbili.

Msisimamishe chochote. Mafundi waendelee, hata Jumapili. Bwana Rienks na aje, lakini futi aiache ofisini, mikate ninayo. Mimi nimeshaitikia: karibu.