Mkeka wa Maji

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Maji ya kisima yameshuka tena. Ndoo imegonga chini kabla haijajaa. Mke wangu kausikia mlio ule akiwa kwenye kitalu chake, akainuka katikati ya miche ya michungwa, mkono kiunoni. Hakupandisha sauti. Kasema kisima hiki alikichimba marehemu baba yake, na kazi yangu mimi mkwe ni moja tu, kukitunza. Kikikauka mikononi mwangu, yeye na miche yake wanashuka bondeni kwa mama yake. Mimi nitabaki hapa na ndoo, tupige soga.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nina mpango. Hapo ndipo alipoanza kuwa na wasiwasi.

Mwizi namjua. Dobi! Mwanamke huyu anakaa ng'ambo ya ukuta, upande wa chini wa mteremko. Kutwa anafua mashuka ya nyumba ya wageni, na kisima chake hakijawahi kulalamika. Sikusoma sana, lakini nimetazama mengi. Maji ya chini ya ardhi hayakai kama maji ya mtungini. Yanatembea, polepole, yakifuata mteremko kama wenzao wa juu. Kwangu yanapita. Kwake yanalala. Wizi mtupu!

Adhuhuri nikainamisha kichwa kisimani nichunguze. Kimya. Kisha nikasikia mtu chini anaimba kwa pua, taratibu, kama anayebembeleza mtoto. Dobi na nyimbo zake. Nikamsema vibaya humohumo, nikaenda kula.

Jumanne, tarehe 4 Februari

Ushahidi kwanza. Nimenunua buluu, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Mwenye duka kauliza nimeanza lini kufua. Nikamwambia aangalie mizani yake.

Nimeimwaga yote kisimani. Maji yakawa kama jicho la paka. Sasa nasubiri mashuka ya watu yageuke samawati, Dobi afukuzwe kazi, na haki itendeke.

Jumatano, tarehe 5 Februari

Kwangu maji meupe, kama hayajawahi kuguswa. Kwake yamefika! Nimechungulia juu ya ukuta. Mashuka yanaumiza macho kwa weupe. Dobi anazunguka kamba zake akisema kisima chake kimebarikiwa, hata senti ya buluu hatumii.

Haki itatendeka siku nyingine.

Mchana Dobi kaja kwa mke wangu, sauti ya chini. Kasema, dada yangu, juzi adhuhuri nimesikia mwanamume ndani ya kisima changu. Ananisema mimi, mnene, mwizi, mashuka yako yakuozee. Amesoma dua zote anazozijua. Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama miche ya michungwa. Imekua kweli.

Kwa hiyo sauti zinapita! Lakini kuna jambo. Mke wangu kamuuliza kama juzi alikuwa akiimba. Dobi kasema aimbe na nini? Tangu Ijumaa jino linamuuma, hata uji anaumeza kwa machozi.

Basi alikuwa anaugulia. Kuugulia kwa sauti tamu. Wapo watu hivyo.

Alhamisi, tarehe 6 Februari

Mpango wa pili, mzuri kuliko wote. Kama sauti inapita, na ipite na maana. Mke wangu alipokwenda kuuza miche, nikaingiza kichwa kisimani, nikanenepesha sauti kama kitu kisichozikwa, nikasema: Hama!

Nikatega sikio.

Kisha kutoka chini, bila haraka, kwa sauti ya mtu aliyetoka usingizini: Hama wewe.

Jeuri ya mwanamke huyu! Nikatoka mbio hadi langoni nimpe vidonge vyake. Nikamkuta barabarani ndiyo kwanza anarudi, furushi kichwani, shavu limevimba, ufunguo mkononi. Kanisalimia. Mlango wake ulikuwa na kufuli.

Mwangwi, bila shaka. Mwangwi huongeza maneno ukichoka.

Jioni mama mkwe kapanda kutoka bondeni. Nikampa shikamoo mbili kwa sababu uso wake ulikuwa wa shikamoo mbili. Kasema amesikia kisima kimeshuka. Kila kiangazi hushuka, mvua ikija hupanda, ndiyo tabia yake. Marehemu alipochimba alifika kwenye udongo wa kijivu, wa mfinyanzi, akatupa sururu. Maji yote ya mtaa huu wa juu yameukalia udongo ule kama wageni waliokalia mkeka. Chini yake hakuna kitu, ni uwazi. Akasema, baba, mgeni havutiwi mkeka.

Nikamwambia nimekusikia, mama.

Na kweli nilimsikia. Uwazi! Mahali pa kuwekea maji mengi kiasi hicho!

Ijumaa, tarehe 7 Februari

Mke wangu kaenda kwa wateja. Nimefunga kamba kwenye nguzo ya kisima, nikashuka na sururu ya mpini mfupi. Mpango: kuchimba kidogo tu, kina changu kizidi cha Dobi, maji yakae kwangu.

Huko chini mbingu ni kisahani. Baridi. Maji ya magotini, na chini ya maji udongo laini kama ulimi. Nikapiga. Kidogo tu, nikajiambia. Kidogo tu.

Kitu kikagonga kutoka chini.

Nikaacha, kikaacha. Nikapiga, kikapiga, pigo kwa pigo. Nikaelewa mara moja. Dobi kaajiri mchimbaji! Anakuja kwa chini kuniwahi! Nikapiga kama mwendawazimu. Huku nikikohoa, nikisema kidogo tu, kidogo tu.

Udongo ukaachia. Maji yakazunguka mara moja, yakashika kandambili yangu ya kushoto, ile niliyoishona kwa waya, yakaivuta kama mtoto anavyovuta kanga ya mama yake. Yakashuka. Hayakupiga kelele hata kidogo. Kisha upepo ukaingia kupitia juu, ukanipita kichwani, ukaenda chini kwenye tundu. Kisima kilivuta pumzi.

Nilipofika juu, nikasikia ng'ambo ya ukuta ndoo ya Dobi ikigonga mahali pakavu. Halafu nikamsikia akikaa chini.

Jumapili, tarehe 9 Februari

Mke wangu hakugomba. Angegomba ningejua pa kushika. Kapakia miche kwenye toroli, safari baada ya safari, akaiteremsha bondeni kwa mama yake. Dobi kafuata na mafurushi. Nikamwambia mke wangu sikujua. Kasema uliambiwa. Nikamwambia nilikuwa natafuta maji yake yeye. Kasimama kidogo na toroli, kama anayetaka kugeuka. Hakugeuka.

Nimebaki na ndoo. Hatuna mazungumzo.

Kisima kinapumua. Asubuhi kinavuta, alasiri kinatoa. Nimeweka jani la mchungwa mdomoni mwake. Lilikaa hewani, likatetemeka, likaingia.

Jumatano, tarehe 12 Februari

Nimeitwa bondeni! Maji yametokea jikoni kwa mama mkwe, katikati ya mafiga. Baridi, safi, na kwa mbali yana rangi ya buluu. Maji hayapotei, yanabadilisha njia tu. Dobi amekwisha anika. Miche imesimama kama askari. Mke wangu kaniambia kwa ukavu nije nichukue kiatu changu, kimetoka na maji.

Nikachukua kandambili. Ya kushoto, kisigino kimelika upande, waya niliopinda mwenyewe kwa koleo. Ni yenyewe.

Mama mkwe akaninyooshea nyingine. Ya kushoto. Kisigino kimelika upande uleule. Waya uleule.

Kauliza nilipoteza ngapi. Nikamwambia moja. Akaiweka chini polepole, akanawa mikono.

Nimepewa nafasi ya kulala stoo. Mke wangu kaniletea chakula mwenyewe, akakaa hadi nikamaliza. Sharti moja: nisiguse sururu tena, kwa sababu hapa ndipo mwisho wa mteremko, hakuna pengine pa kuhamia. Nimeapa kwa moyo mweupe.

Ijumaa, tarehe 14 Februari

Chemchemi ni nzuri ila ni nyembamba. Miche mingi, mashuka mengi. Mtu mwenye akili angeitanua mdomo. Simaanishi kuchimba. Namaanisha kuisaidia.

Mchana, wanawake walipokuwa nje, nikalaza sikio sakafuni jikoni. Chini kabisa mtu anachimba! Nimelisikia kila pigo la sururu. Anakohoa kama ninavyokohoa mimi. Baina ya pigo na pigo anajisemea, kidogo tu, kidogo tu. Nyuma yake mwanamke anaimba kwa pua.

Sasa yote yako wazi. Nina mshindani! Kaiga kikohozi changu, kaiga hata viatu. Anataka kutoboa chini yetu, aondoke na maji ya mke wangu.

Hanijui. Mfyatua matofali wa jirani kakubali kuniazima sururu. Kesho wakienda na miche, nitaanzia palepale kwenye mafiga. Nitamwahi.

Kidogo tu.