Kondoo wa Hehoini na Ndege wa Pinki

Jumamosi, 4 Oktoba

Salamu kwanza. Hata daftari husalimiwa. Maitu, mama yangu mzazi, hujambo na hayo magoti? Kaka yangu Njuguna, hujambo? Mkeo Lorraine wa hoteli ya chai, hajambo? Watoto? Na yule ng'ombe aliyekuwa akikohoa? Sisi huku Oxon Hill, Amerika, tu wazima: binti yangu Edna, mumewe Mutai, mjukuu wangu Queen, na mimi Serah. Chelagat, mama yake Mutai, ambaye ninalala naye chumba kimoja, pia ni mzima. Mzima kupita kiasi.

Habari kubwa! Krismasi tunaenda Kenya! Shida ni hii: likizo ya Edna kule hospitali ni fupi, kwa hivyo tutafikia nyumbani kwa bibi mmoja tu: kwetu Hehoini au kwao Chelagat. Mutai anaogopa kina mama wawili, akasema Queen achague. Miaka tisa! Maitu hajawahi kumshika mtoto huyu. Kila nikipiga simu ananiuliza kama nimemleta, ni kama nimemficha mfukoni. Lazima iwe Hehoini. Lazima!

Jumapili, 5 Oktoba

Chelagat ameanza hata kabla ya kuvua kitambaa cha kanisa. Amemwambia Queen kwao kuna chemchemi zinazochemsha mayai, na ziwa lenye ndege wa pinki. Wa pinki! Mimi nina nini? Ukungu na viazi.

Nikatoa historia. Mzungu alileta kondoo Hehoini, kule juu kwenye nyasi za baridi. Baridi ikamshinda, akaenda zake. Kondoo hawakuwa na nauli, wakabaki. Watu wakaja kununua kondoo, wengine wakaja kuwauzia hao chai, mji ukawa mji. Queen akacheka! Akauliza kwa Kiingereza chake kama kuna gurudumu kubwa, kama lile la kubebea watu angani kule National Harbor. Nikasema lipo.

(La kinu cha maji. Halijazunguka tangu niolewe. Lakini ni gurudumu, Mungu ni shahidi.)

Chelagat akasema kwa upole kwamba amesikia Hehoini hata kuku huvaa sweta. Nikamwongezea chai ili anyamaze.

Jumatano, 8 Oktoba

Siku ya soko! Video kabla ya basi la shule. Nilimwambia Njuguna auonyeshe mji wote, na akauonyesha. Viazi magunia kwa magunia! Kabeji kubwa kuliko kichwa cha Mutai! Nyuma yake ukungu ukishuka kama maziwa yanayofurika sufuriani. Maitu ndani ya blanketi, akiupungia mkono upande ambao simu haiko. Queen akaruka ruka. Nikamwangalia Chelagat hivi. Ushindi!

Kisha Njuguna akavuta kondoo dume. Mweupe, sikio moja jeusi. Queen akambatiza pale pale: Biskuti.

Sasa, nyumbani kwetu mgeni wa heshima huonyeshwa mnyama wake angali hai, ajue hakuchinjiwa mgonjwa. Ndivyo tulivyolelewa. Njuguna akampiga Biskuti mgongoni, akamwambia Queen: "Huyu ni wako, mama. Unaona mafuta hayo? Ukishuka tu kwa gari, kisu!"

Queen huelewa Kiswahili chote, kujibu ndiko hataki. Leo alijibu kwa mayowe. Amepanda basi akilia. Chelagat alimfuta machozi akimwambia ndege wa pinki hawaliwi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Queen hataki kusikia jina Hehoini. Mutai ananunua tiketi kesho. Nimemwambia Njuguna kondoo asiguswe! Akaniuliza kama nimerogwa. Mgeni atoke Amerika ale viazi? Kamati ya mapokezi imeshaundwa, na mwenyekiti ameshaomba figo.

Maitu akachukua simu. Akasema nisijali, ila baridi ya mwaka huu imemwingia mifupani, na kungoja kumeanza kumchosha. Nikasema ndiyo, mama. Chai ikapoa nikiwa nimeishika.

Jumapili, 12 Oktoba

Haleluya! Haleluya tena!

Jana Queen alisimama mbele ya Mutai akatangaza: Hehoini! Kwa nini? Kumlinda Biskuti. Hawaamini watu wazima, atalala naye zizini. Tiketi zimenunuliwa! Nimecheza mpaka jirani wa chini akagonga dari. Maitu amepiga kigelegele, na kikohozi juu yake. Njuguna ameapa kwa jina la baba kwamba Biskuti hatachinjwa. Kamati imevunjwa, mwenyekiti amenuna. Chelagat alinipa mkono, akasema hata yeye atapitia kwetu, aone hao kuku na sweta zao. Nikamkumbatia! Mimi!

Lakini mgeni hakaribishwi kwa viazi vitupu. Nimelifikiria jambo hili mahubiri mazima. Kuku! Njuguna, nakuandikia hapa kwanza, kisha nitanakili kwenye simu. Jumatano washike majogoo wako wote uwapange mbele ya kamera, mtoto ajichagulie mwenyewe yule anayempenda zaidi. Ubaya uko wapi?

Nijibu upesi, ndugu yangu, kabla Chelagat hajatoka bafuni.