Korongo Aondoke Kifuani

Jumatatu, 6 Machi 1995

Hatimaye. Tangazo limebandikwa mlangoni mwa mkahawa: chuo kinatimiza miaka ishirini na mitano, na timu yetu ya mpira itapata jezi mpya na nembo mpya. Mwanafunzi yeyote anaweza kuleta mchoro. Kura ni Ijumaa.

Nimesubiri siku hii tangu nifike Brussels kutoka Bukavu. Nembo yetu ni korongo aliyesimama kwa mguu mmoja, juu ya jezi ya kijani iliyopauka kama mboga iliyolala sufuriani. Timu inayovaa ndege asiyetumia hata miguu yake miwili itamshinda nani? Nimelisema hili mara nyingi, lakini hakuna anayemsikiliza mchezaji wa akiba. Misimu miwili nimecheza dakika kumi na moja, na katika hizo, nne mpira ulikuwa bustanini kwa jirani.

Atakayeshinda atasimamia utengenezaji wa jezi zote. Na msimamizi wa jezi hawezi kuachwa benchi. Itakuwa aibu.

Ilyas naye anashindana. Ndiye kipa wetu, kijana wa Bujumbura, anasomea uchoraji, na tunakaa chumba kimoja. Amechora kiboko kwa nusu saa, huku anakula. Kiboko amefanana na kiboko. Nimemwambia haraka haraka haina baraka. Amekubali, akaniuliza kama nataka penseli zake nzuri. Nimezichukua, ili asizitumie yeye.

Jumatano, 8 Machi

Siku mbili nimechora gorila. Gorila wa Kahuzi, mlima wa kwetu, ameweka ngumi kifuani.

Ilyas aliutazama mchoro kwa muda, kisha akaniuliza kwa adabu upande wa juu ni upi. Carine hakuwa na adabu hiyo. Ni binti wa Goma, katibu wa kamati ya michezo, na sauti yake inafika jikoni.

"Séraphin, hii njo nini sasa? Kiazi?"

Nikamwambia ni gorila. Akasema bon, kama ni gorila basi amekula sana, na uso ni wa monsieur mkurugenzi. Wenzake mezani walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Nimeondoka bila kumaliza supu yangu. Kumcheka mtu na supu mkononi, hiyo ndiyo elimu ya juu.

Jioni kocha wetu, Monsieur Florent, Mbelgiji mpole mwenye miwani, alidhani ni jino. Akauliza kama tumepata daktari wa meno wa kutufadhili.

Nilikaa na hasira saa nzima. Kisha ikanijia akili. Kama hakuna anayejua ni kitu gani, basi kila mtu anaweza kuambiwa ni kile anachokipenda.

Ijumaa, 10 Machi

Nimeshinda.

Wapiga kura wa kamati ni saba, nami nimewapitia mmoja mmoja tangu jana. Kwa Carine nimeshikilia gorila, nikamkumbusha kwamba kiboko ni wa watu wa Bujumbura na sisi wa Kivu tuna heshima yetu. Aaron, anayekaa Koekelberg na kusali huko, nimemwambia ni basilika yao ikionekana kwa mbali siku ya ukungu. Kwa Monsieur Florent ni ngumi ya ushindi. Dada mmoja wa idara ya mapishi nimemwachia kiazi.

Asubuhi nikakuta Ilyas ameondoa kiboko wake ubaoni. Nikamuuliza sababu. Akasema, "Ndugu yangu, nimeona unavyolitaka jambo hili. Mimi sina haja nalo kiasi hicho." Woga mtupu. Alijua kura zimemhama.

Basi ikawa mchoro wangu dhidi ya korongo. Kura tano kwa mbili. Shida ilikuja baadaye, Aaron alipoisifu basilika mbele ya watu. Carine akauliza basilika gani. Monsieur Florent akasema ngumi haina madirisha. Wakabishana hadi mtu wa usafi akaja na ufagio. Monsieur Florent alitaka kuwahi tramu, akasema kura ni kura. Carine ameandika katika kumbukumbu za kikao: "Nembo mpya: umbo fulani. Jezi: zambarau."

Umbo fulani. Wivu wa katibu huo. Lakini zambarau ameiandika sawasawa. Ni rangi ya maaskofu.

Jumapili, 12 Machi

Kamati ilitaka jezi za dukani. Nimekataa. Zambarau ya dukani ni ya kufungia peremende. Nimekwenda na Ilyas soko la Gare du Midi, nikapata fulana nyeupe kumi na tano, karibu zote zinalingana. Nitazichovya rangi mwenyewe.

Jambo la pili nimelifanya kimya. Nimezitia jezi za korongo kwenye gunia na kuzipeleka parokiani, wanakokusanya nguo za msaada. Nawajua watu wangu. Tukifungwa bao moja tu, utasikia, rudisheni korongo. Sasa hakuna cha kurudisha.

Ilyas alinisaidia kubeba gunia bila kujua kilichomo. Nilipomwambia, njiani kurudi, alisimama katikati ya barabara.

"Na tukizihitaji?"

Nikamwambia mwanamume akishaoa hahifadhi barua za mchumba wa zamani. Akasema mchumba na jezi ni vitu viwili. Watu wa kuchora hawaelewi mifano.

Jumatano, 15 Machi

Fulana zimechovywa, katika beseni la kuogea la nyumba tunayopanga. Ilyas alikamua, mimi nilielekeza. Mikono yake ni ya zambarau hadi viwiko. Yangu ni safi, maana uongozi haulowani.

Nimezipeleka Koekelberg kwa Maman Berthe, mshonaji wa Uvira, ili ashone nembo vifuani. Nilimkuta kwenye cherehani, anapindua sketi. Alishika fulana moja, akaisugua kwa kidole gumba, akanionyesha kidole.

"Mutoto yangu, hii rangi ulifunga na nini? Ulitia chumvi? Ulitia siki?"

Nikasema sikutia kitu, rangi ni nzuri yenyewe.

"Alors itatoka. Irudishe kwenye maji ya moto, utie chumvi na siki, uiache siku mbili. Mvua ya huku haina huruma."

Nikamwambia kwa heshima zote, maman, mimi natengeneza jezi, sipiki saladi. Hakucheka. Akashona nembo zote kumi na tano, akanipa na chai, na mlangoni akarudia tena habari ya siki. Nimeshangaa jinsi watu wazima wanavyoshikilia neno moja.

Niliporudi, Ilyas alikuwa amenunua chupa mbili za siki na kilo mbili za chumvi. Nikamuuliza nani amemhadithia habari ya siki. Akasema hakuhadithiwa na mtu, mama yake alikuwa akichovya vitambaa kwao Buyenzi, Bujumbura. Alitaka tufanye kazi usiku huohuo. Nimekataa. Mechi ni Jumamosi, na nembo zimeshashonwa. Siki nimeitia kwenye mchicha.

Jumamosi, 18 Machi

Naandika kwa mkono wa zambarau.

Nusu fainali, uwanja wa Auderghem, ukingoni mwa msitu. Asubuhi palikuwa na jua. Monsieur Florent alipoona jezi akasema, bon, mtu aliyefanya kazi hii yote anastahili kuanza. Kuanza! Niliingia na wenzangu kumi, nikasikia nyasi chini ya viatu, na watu wa chuo chetu wakapiga makofi. Nikiri hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: macho yaliniuma kidogo.

Dakika ya tisa tukafunga. Pasi haikuwa yangu, lakini nilikuwa karibu. Dakika ya kumi na tano Ilyas akaokoa penalti kwa ncha za vidole. Tulikuwa tunakwenda fainali, chuo chetu, kwa mara ya kwanza tangu kiwepo.

Dakika ya kumi na nane ikaja mvua.

Rangi ikaanza kutoka. Kwanza ikaingia kaptula zetu nyeupe. Kisha shingo. Kisha wapinzani wetu, waliovaa njano: kila aliyetukaba aliondoka na alama, hata beki wao mmoja akawa na mkono wangu mzima mgongoni, vidole vyote vitano. Mpira ukabadilika rangi. Refa alinishika bega kunionya, akatazama kiganja chake, akapuliza filimbi. Rangi ya nembo ilikuwa imeyeyuka ikatelemka tumboni. Nilimsikia Carine pembeni akisema sasa angalau mchoro wangu umefanana na kitu, umefanana na ajali.

Refa alisema hawezi kutofautisha timu mbili. Akatupa dakika kumi kubadilisha jezi. Monsieur Florent akanigeukia, ametulia kabisa, akasema niende nikalete za korongo kwenye gari.

Nikainama kufunga kamba za kiatu.

Akauliza tena.

Nikasema korongo yuko parokiani.

Wenzangu kumi wakanigeukia wote kwa pamoja. Ilyas alikimbia kwa wenye uwanja kuomba fulana zozote, akarudi na nne, za watoto. Dakika zikaisha. Tumehesabiwa tumefungwa tatu bila. Kapteni wetu, Bienaimé, ambaye Juni anamaliza masomo na kurudi kwao, alikaa kwenye matope akafunika uso.

Ningependa kujua nani anapanga mechi mwezi wa Machi katika nchi hii. Hilo hakuna anayeliuliza.

Kwenye basi Ilyas alikuja kuketi karibu nami. Alikaa hapo hadi tunashuka. Viti vitupu vilikuwa vingi, sijui kwa nini alichagua hicho.

Jumatatu, 20 Machi

Nimedhulumiwa kuliko siku zote.

Kamati iliniita. Carine alisoma mashtaka kwa Kifaransa: jezi, gunia, na zile habari tofauti nilizowapa wapiga kura. Bienaimé akasema kwa upole, na upole wake ulinikera, kwamba ni bora niondolewe kwenye timu moja kwa moja. Mikono ilianza kunyanyuka.

Hapo Ilyas akasimama. Hakuwa ameitwa.

"Rangi nilichovya mimi," akasema. "Gunia nilibeba mimi. Nilijua habari ya siki, na nikalala. Kama anaondoka, tunaondoka wawili."

Mikono ikashuka. Hakuna kipa mwingine chuoni. Monsieur Florent alifuta miwani, akasema donc, hakuna anayeondoka, lakini wawili hawa watafua jezi za timu nzima hadi Juni. Parokia imerudisha za korongo, zote isipokuwa moja, ambayo mzee fulani ameshaivaa na hataki kuivua. Kisha watu wakamzunguka Ilyas, wakampigapiga mabegani. Carine alimshika mkono. Mimi hakuna aliyenishika chochote.

Ndipo nikauona mchezo wake. Kikulacho ki nguoni mwako. Nani alibuni umbo? Nani alichagua zambarau? Mimi. Sasa mtu amesimama dakika moja mbele ya kamati, na nusu ya kazi yangu imekuwa yake, imeandikwa katika kumbukumbu za kikao, kwa mwandiko wa Carine.

Sitakubali. Nimemwandikia mkurugenzi barua ya kurasa nne, yenye tarehe na ushahidi, kuthibitisha kwamba jezi zile, tangu mchoro wa kwanza hadi tone la mwisho, ni kazi yangu peke yangu na Ilyas hakuhusika. Kesho saa tatu naipeleka kwa mkono.